Ua wa Michongoma na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kutaka maji anywe sasa, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma kumsubiri mtu. Hadithi yangu ina kichwa na ina tumbo, lakini mkia haina. Mkia mtautia ninyi wenyewe, na najua mtagombana.

Huko kwenye milima ya Upare, katika kijiji ambacho sikitaji jina kwa kuwa wenyewe wapo na wanapenda kesi, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Bibi Nakiete, mjane, na kipaji chake kilikuwa masikio. Kuku akilia, yeye atakuambia kama ametaga au ameona kicheche. Ndege akilia kichakani, yeye atakuambia kama anamwita mwenzake, anamgombeza mwenzake, au amemwona nyoka. Watu walimtania kwamba anasikia hata mahindi yakiota. Hakukasirika. Alimkumbusha tu mtani wake maneno aliyoyasema jana usiku nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa, na mtani akatafuta njia ya kuondoka.

Wa pili alikuwa Bwana Mrutu, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kijiji kizima kilizungushiwa michongoma, na hakuna aliyeijua michongoma kumshinda yeye. Mwiba wa mchongoma ni mrefu kama kidole cha mtoto, na ukikuingia, hata ukiutoa, mahali pale patavimba. Mrutu alipenyeza mkono kati ya miiba kama mtu anayetafuta kijiko kapuni. Alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia mpaka ukawachosha watu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Akiliona pengo kwenye ua wa mtu, hata mtu asiyesalimiana naye, hakupita bila kuliziba.

Wa tatu alikuwa Chediel. Kipaji chake watu walikiita uvivu, na mimi sitabishana nao. Chediel alijua kukaa. Akikaa, amekaa, nzi atamtembea usoni kuanzia kidevuni mpaka kwenye nyusi naye hapepesi jicho. Mkewe, Nakundwa, alichoka kumtazama akikaa, akafunga mzigo wake akarudi kwao. Kaka yake Chediel aliitwa Kirumbe, na mke wa Kirumbe ndiye Namkunda. Hadithi hii ni ya Namkunda.

Namkunda alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili. Kwa desturi ya kijiji kile mtoto hapewi jina mpaka mama yake atoke ndani, miezi mitatu ikishatimia, na wale wawili hawakuifikia siku hiyo. Walizikwa bila majina. Ndiyo maana hata alipotaka kuwalilia, Namkunda hakujua aanze kwa kumwita nani. Sasa alikuwa na wa tatu, msichana, mnene, mwenye sauti, na mwezi wa tatu ulikuwa umeanza. Kirumbe alikuwa bondeni akiuza tangawizi, atarudi siku ya kumtoa mtoto. Kwa hiyo Namkunda alikaa peke yake ndani ya ua, akihesabu pumzi za mwanawe.

Ua wenyewe ulipandwa na baba mkwe wake. Uliizunguka nyumba, jiko, banda la ndama na migomba, na lango lake lilikuwa moja tu, upande wa juu penye njia. Tangu Kirumbe aanze kwenda bondeni haukuwa umepogolewa. Kona ya chini, nyuma ya migomba, ilikuwa imenenepa ikawa pana kama kitanda cha watu wawili. Paka wa jirani aliingia humo siku moja na hakuonekana tena, watu wakasema ameoa kwingine.

Sasa sikilizeni desturi, maana shida ilitokea hapo. Kila mwaka kipupwe kinapoelekea mwisho, kabla ndege hawajaanza kubeba manyasi ya viota, kijiji kile hupogoa nyua zake kwa msaragambo, yaani watu wote wanakwenda kwa mmoja, kesho kwa mwingine, mpaka wote wamalizike. Na kabla panga halijagusa tawi, ua hupigiwa hodi. Watu huuzunguka wakiuchapa kwa fimbo na kupaza sauti, "Hodi, wenyeji! Hodi! Tunaanza kazi!" Wenyeji ni kanga, sungura, kalunguyeye, nguchiro, nyoka, na yeyote mwingine aliyejisitiri humo wakati wa baridi. Mbwa huachiliwa wabweke. Kisha pengo moja huachwa wazi usiku kucha, ili aliyeogopa kutoka mchana atoke gizani, na kesho yake ndipo linazibwa.

Lakini nyumba ya Namkunda ilikuwa na mzazi, yaani mama mwenye kichanga, na nyumba yenye mzazi haipigiwi kelele. Siku ya msaragambo wake, watu walipokusanyika langoni na fimbo zao, Bibi Nakiete aliwazuia.

"Fimbo wekeni chini," alisema. "Mbwa warudisheni. Leo hakuna hodi na hakuna kuimba. Huyu mtoto ni wa tatu. Mnataka ashtuke?"

"Na wenyeji wa ua, Bibi?" aliuliza Mrutu.

"Wakisikia mapanga wataondoka wenyewe. Na mapengo yote yazibwe leo hii hii. Mwanamke yumo humu peke yake na kichanga. Utamwachia pengo wazi usiku kucha?"

"Hapo umesema, Bibi. Usipoziba ufa…"

"Tunajua, Mrutu," watu walijibu kwa pamoja, kwa sauti ya chini.

Namkunda aliyasikia hayo akiwa dirishani, na machozi yalimtoka. Alijiona ana watu. Watu wale walifanya kazi asubuhi nzima wakinong'ona kama wezi, kwa sababu ya kumpenda yeye na mwanawe, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba wema ule ulikuwa na makali ya upande wa pili.

Mrutu alichukua kona ya chini, upande wa nje. Chini kabisa, karibu na ardhi, alikuta pengo pana kiasi cha kupita mbuzi. Alilikunjia uso. Akakata matawi mabichi ya mchongoma, akayasokota ndani ya pengo, moja juu ya jingine, miiba ikishikana na miiba, akayafunga kwa kamba za mgomba mpaka hata panya angeuliza njia. Kisha akarudi nyuma akatazama kazi yake, akaridhika.

Chediel alipewa kona ile ile, upande wa ndani. Aliambiwa akate matawi yanayoegemea migomba, halafu ainame aangalie ndani kama kuna kitu. Alikata matawi machache. Hapo jua likatoka. Ukungu ulikuwa umewakalia siku nyingi, na lile jua la kwanza lilipiga nyuma ya banda la ndama, mahali pakavu, pasipo na mtu. Chediel aliona si haki jua lile lipotee bure. Akaenda akajinyoosha, akalala.

Na ndani ya kona ile alikuwamo chui.

Alikuwa ameteremka kutoka msituni wakati wa baridi kali, akijitafutia sungura na paa wa mashambani, na kichaka kile kilimfaa. Hakuamshwa na hodi, kwa kuwa hodi haikupigwa. Mapanga aliyasikia, lakini mnyama wa namna ile akisikia watu pande mbili hujibana akasubiri. Basi alisubiri. Kulipotulia aligeukia njia yake ya kutokea, akakuta miiba mibichi imefungwa kwa kamba za mgomba. Njia iliyobaki ilikuwa ya kuingia uani.

Watu walikuwa wamemaliza. Walikuwa nje ya lango, upande wa juu, wakila makande, maana si adabu wanaume kula ndani ya ua wa mzazi. Lango walilifunga nyuma yao. Namkunda naye aliliona jua. Alimtoa mtoto, akatandika ngozi ya kondoo karibu na migomba, pale lilipokuwa linawaka vizuri, akamlaza. Mtoto alirusha miguu kwa furaha. Namkunda akarudi jikoni kuchukua samli ya kumpaka.

Hakukawia. Alipotoka na bakuli mkononi aliona majani ya mgomba yakitikisika, na hapakuwa na upepo. Kisha kichwa kikatokea kati ya mashina mawili. Kilikuwa karibu na mtoto kuliko alivyokuwa yeye.

Alihisi sauti ikipanda kutoka tumboni, sauti kubwa kuliko zote alizowahi kulia, na alijua ikitoka hataweza kuirudisha.

Sasa, huko nje langoni, Bibi Nakiete alikuwa ameacha kutafuna.

"Nyamazeni," alisema.

"Kuna nini?"

"Shore. Sikilizeni hao ndege walio kwenye ua. Hawalii hivyo kwa nyoka, wala hawalii hivyo kwa paka." Aliweka sahani chini. "Mna mnyama mle. Mkubwa."

Wanaume waliruka na mapanga. Mmoja alikwisha kushika komeo la lango, mwingine alivuta pumzi apige yowe. Nakiete, mwanamke mfupi yule, aliegemeza mgongo kwenye lango, akanyoosha mikono.

"Mtoto yuko uani, namsikia karibu na migomba. Atakayepiga kelele amemuua," alisema. "Mkiingia kwa hapa, mtamsukuma kona ya chini, na kona ya chini hakuna njia. Mrutu, ulilifunga lile pengo?"

"Nililifunga." Mrutu alielewa kabla hajamaliza kujibu. Uso wake ulibadilika.

"Nenda ukalifungue. Bila panga. Asikusikie." Mrutu aliondoka akipiga mbio kwa ncha za vidole.

Kisha Nakiete aligeuka, akaweka mdomo kwenye upenyo wa lango, akaanza kusema kwa sauti ya kubembelezea watoto, sauti ile ile moja, bila kupanda wala kushuka.

"Namkunda, mwanangu, nisikie. Usilie. Usikimbie. Sauti yako imeze. Ukipiga kelele ataruka, na aliye karibu naye si wewe. Simama hapo hapo. Anapita nyuma ya migomba sasa, wewe humwoni, ndege wananiambia. Anatafuta njia. Hana haja na mtoto, anatafuta njia. Simama, mama. Simama."

Namkunda aliimeza sauti yake. Alisimama, bakuli la samli mkononi, akiisikiliza sauti ya lango, na kila ilipotulia kidogo alidhani mwanawe amekufa.

Chui alizunguka. Alipita kando ya ua kutoka pengo hadi pengo, na kila pengo lilikuwa limezibwa vizuri, maana ile ilikuwa kazi ya watu waliompenda mwenye nyumba. Kila alipozuiwa alirudi, na kila aliporudi njia yake ilisogea karibu na ile ngozi ya kondoo. Mkia wake ulikuwa umeanza kupiga huku na huku.

Nyuma ya banda la ndama, Chediel alifumbua macho. Ndama alikuwa amebana mgongo wake kwenye ukuta na anatetemeka. Chediel alichungulia. Alimwona chui, akamwona mtoto, akamwona shemeji yake amesimama kule mbali kama mti. Watu wenye bidii wangekimbia, ama kuelekea kwa mtoto ama kuelekea langoni, na vyote viwili vingeisha vibaya. Chediel alijikokota. Alikwenda kwa makalio, polepole, kila chui alipogeuza kichwa yeye akiwa amekaa, kila alipokitazama kitu kingine yeye akiwa amesogea. Mpaka akafika. Akakaa kati ya mtoto na mnyama, miguu ameikunja, mikono magotini, macho chini.

Chui alitokea kati ya migomba akamkuta hapo. Alisimama. Pumzi yake ilifika kwenye nywele za mkono wa Chediel.

Mtoto akaanza kulia.

Kwanza alinung'unika kidogo, kama wanavyonung'unika watoto wenye njaa, kisha akaongeza. Chui alilaza masikio. Chediel hakumwinua mtoto, maana kumwinua kungekuwa kumnyakua. Aliurudisha mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, polepole, akapapasa mpaka akaupata mdomo, akatia kidole chake ndani, kidole kilichojaa utomvu na uchafu wa asubuhi nzima. Mtoto akakinyonya. Akanyamaza. Na Chediel hakutikisika tena, ingawa jasho lilimtiririka likaingia machoni na hakuweza kulifuta.

Hapo ndipo Namkunda alipofungua mdomo. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo, lakini watu wote waliokuwa langoni waliisikia, kwa kuwa Bibi Nakiete alikuwa amewanyamazisha.

"Atakayenirudishia mwanangu akiwa hai," alisema, "jina atakalolichagua yeye ndilo mwanangu atakaloitwa. Naapa kwa wawili walio chini ya udongo."

Upande wa pili wa ua, Mrutu alikuwa amepiga magoti. Panga alikuwa amelitupa, kwa kuwa pigo moja lingesikika. Kamba za mgomba alizikata kwa meno. Kisha akaanza kuvuta matawi, yale yale aliyoyasokota mwenyewe, na kwa vile aliyasokota vizuri hayakutaka kutoka. Akilivuta moja, mengine yanalishika. Aliingiza mikono mpaka mabegani. Miiba ilimwingia viganjani, ikamwingia kwenye mikono, mmoja ukamkatikia ndani ya kiungo cha kidole gumba, na hakuguna hata mara moja. Alivuta tawi la mwisho, akaona mwanga wa uani. Akajilaza kifudifudi kando ya pengo, uso kwenye majani, akangoja.

Upepo wa bonde ulipenya pengoni. Chui aliinua pua, akageuka kutoka kwa Chediel. Alitembea hatua chache, kisha akaukumbuka mlango wake, akaruka. Alipita juu ya mgongo wa Mrutu, akavuka shamba la maharage, akapotea upande wa msitu. Kijana mmoja alitaka kumfuata na mkuki. Bibi Nakiete alimwambia aketi amalize makande yake.

Namkunda alifika kwa mtoto bila kujua alivyofika. Bakuli lilivunjika huko nyuma. Alimkuta anaendelea kunyonya kidole cha shemeji yake, na ilibidi wamtoe kwa nguvu.

Ingekuwa hadithi ya kuwalaza watoto, ningesema wakaishi kwa raha nikazima taa. Lakini ahadi ni deni, na ile ilikuwa ahadi ya kiapo.

Mwezi wa tatu ukatimia. Kirumbe alirudi kutoka bondeni, akaambiwa yote. Siku ya kumtoa mtoto watu walijaa uani. Desturi yenyewe ni hii: mama humnong'oneza mtoto jina sikioni kabla mtu mwingine hajalisikia, kisha hulitangaza. Jina ni moja. Hutolewa kabla jua halijazama, na likishaingia sikioni halitoki. Namkunda aliketi kwenye kigoda, mtoto mapajani, na wale watatu wakaketi mbele yake.

"Mwanangu," alianza Bibi Nakiete, "mimi nilikuwa na binti, Nashera. Surua ilimchukua kabla hajaota meno ya pili. Waliomfahamu wamekufa wote. Hapa duniani mtu anayelitaja jina lile ni mimi peke yangu, tena nalitaja nikiwa peke yangu. Nikifa, limekwisha. Naomba aitwe Nashera."

Mrutu aliinua mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimekakamaa, kimejikunja kwenye kiganja. Tangu siku ile hakuweza kushika panga.

"Mama yangu aliitwa Navoneiwa," alisema. "Ndiye aliyenifundisha michongoma. Mkono huu ndio ulionipa sifa na ndio ulionilisha, na sasa hata kikombe unakimwaga. Sijuti. Ila aliyenipa mkono huo, naomba mtoto aitwe kwa jina lake."

Chediel alikuna kichwa. "Mimi nataka aitwe Nakundwa."

Watu walicheka. Mkewe aliyemkimbia! Hata Kirumbe alitabasamu.

"Chekeni," alisema Chediel. "Aliondoka akisema sitafanya jambo lolote la maana mpaka nife. Nataka siku moja apite hapa njiani, asikie mtoto anaitwa kwa jina lake, aulize kwa nini. Sitaki kumwambia mimi. Mwambieni ninyi."

Kicheko kilikatika.

Mngedhani hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kulikuwa na pagumu zaidi, kwa sababu kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba wenzake hawastahili, na kila mmoja alisema kweli.

"Bibi, kwa heshima zote," alisema Mrutu, "nani aliyekataza hodi? Hodi ingepigwa, mnyama angeondoka asubuhi na mapema."

"Na nani aliyeziba mlango wa mnyama bila kujiuliza kama mwenyewe yumo?" Nakiete alimgeukia. "Mkono wako ulifungua ulichokifunga mkono wako."

"Aliyetakiwa kuangalia ndani alikuwa amelala!"

Wote wakamtazama Chediel.

"Nililala," alikubali. "Kazi yangu sikuifanya. Lakini ningeifanya, saa ile ningekuwa nje ya lango ninakula makande pamoja nanyi, lango limefungwa. Chui ni mjanja kuliko mimi. Huenda ningeinama nisimwone. Je, nani angekuwa karibu na mtoto?"

Kirumbe alikohoa. "Mke wangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Hawa wamekusaidia wote. Mpe majina matatu, tuwaridhishe wote, tule."

"Sikusema 'watakaonirudishia'," alijibu Namkunda. "Nilisema 'atakaye'. Niliapa kwa watoto wangu, Baba Mtoto. Nilisema jina moja, na sikio hupokea moja."

"Basi chagua wewe. Aliyeapa ni wewe."

Na kweli aliyeapa ni yeye. Namkunda aliwatazama wale watatu. Usiku, akifumba macho, aliisikia ile sauti ya langoni ikimwambia simama, mama, simama, na alijua bila sauti ile angepiga yowe na kumuua mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Mchana, kupitia langoni, alimwona Mrutu njiani akiubeba mkono wake kama kitu cha mtu mwingine, na alijua bila mkono ule mnyama angezunguka mpaka achoke, halafu angechagua. Na kila mtoto aliponyonya, alikikumbuka kile kidole kichafu. Ukiondoa mmoja, mtoto hayupo. Hilo alilipima mara nyingi na kila mara lilirudi pale pale.

Alichoogopa hakikuwa ugomvi wa majirani. Aliogopa kiapo. Wawili walikwenda bila majina, naye aliapa kwa hao hao. Akimpa huyu jina lisilo halali yake, nani atamhakikishia kwamba halitachukuliwa pamoja na mwenye kuitwa? Na akikaa kimya mpaka jua lizame, mtoto atakuwa kama wale wengine, hana jina.

Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya michongoma. Bibi Nakiete aliinamisha kichwa, akitega sikio ambalo halijawahi kukosea. Mrutu aliukumbatia mkono wake mbovu kwa mkono mzima. Chediel alikaa kama anavyokaa siku zote, ila safari hii alikuwa anapepesa macho. Namkunda alimwinua binti yake, akaweka midomo kwenye lile sikio dogo lenye joto, akavuta pumzi.

Mimi namwacha hapo, na mtoto nakukabidhi wewe. Mshike vizuri. Jua linazama na watu watatu wanakutazama. Je, wewe ungemnong'oneza jina gani: Nashera, Navoneiwa, au Nakundwa? Na ukishainua uso wako, wale wawili ambao hukuwataja ungewaambia nini?